Chimbuko la Wimbo "Mfurahini, Haleluya"

Ni nadra Pasaka kupita katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania pasipo kuimbwa "Mfurahini, Haleluya". Wengi hudhani kuwa wimbo huu uliletwa na wamisionari wa kwanza. Sivyo. Maneno yake yaliandikwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, wakati huo mwanafunzi wa teolojia Makumira, naye aliyaweka katika sauti ya Kihaya.

Ikumbukwe kwamba kwa miaka mingi nyimbo za ibada zilikuwa zaidi zile zilizotafsiriwa kutoka Ulaya. Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni za Kijerumani hazijui sheria hiyo. Hivyo Wakristo walizoea kumsifu Mungu kwa maneno yaliyopindwa matamshi.

Hata hivyo, kuziingiza sauti za nyumbani kanisani halikuwa jambo jepesi. Wamisionari wengi walikataza ngoma, lakini si wao peke yao waliosita. Wapo wazee walioziacha nyimbo hizo walipobatizwa, wengine kwa kutengwa na ndugu zao. Kwao sauti ile ilikuwa bado na harufu ya pombe na matambiko, na si haki kuiita hofu yao ushamba.

Huko Makumira, mwalimu Howard Olson kutoka Marekani aliwahimiza wanafunzi kuleta sauti za makwao na kuzitungia maneno ya Kikristo. Matunda ya kazi hiyo yalikusanywa katika kitabu "Tumshangilie Mungu". Njia yenyewe haikuwa ngeni kwa Walutheri: wimbo wa Noeli wa Martin Luther, "Vom Himmel hoch", ulichapishwa mwaka 1535 kwa sauti ya wimbo wa kidunia wa mafumbo, na ndipo mwaka 1539 ukapewa sauti inayotumika hadi leo.

Mwaka 1969 Ulrich Leupold, mzaliwa wa Berlin aliyefundisha teolojia Canada, aliutungia wimbo wa Kyamanywa maneno ya Kijerumani. Katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, kilichoanza kutumika mwaka 1993, ni wimbo namba 116. Misheni ya Bethel ilifika Bukoba mwaka 1910 ikiwa na tuni za kwao. Sasa sharika za Ujerumani huimba ufufuo kwa sauti ya Wahaya.