Mafia: Thamani ya Kisiwa Chini ya Maji

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mfasiri asiye na ofisi wala shahada, nyingi ni za biashara, na katika hizo zimo karatasi za safari zinazomshauri mgeni kisiwa gani akapige mbizi. Swali lao ni moja: je, kisiwa hiki chastahili nauli? Na jawabu yao hutolewa kwa mizani ile ile: jicho laona mita ngapi chini ya maji, joto la bahari ni nyuzi ngapi, kasa na papa wapo au hawapo. Mizani hiyo si ya uongo. Ila ni mizani ya mtu anayedhani kwamba bahari haina wenyewe, na juu ya hilo nina neno.

Tuanze mbali, Bonaire, kisiwa kidogo cha bahari ya Karibi, mkabala na pwani ya Venezuela. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, waliunda chombo kinachomwezesha mzamiaji kuvuta hewa ya mtungi alioubeba mgongoni. Tangu hapo mbizi haikuwa tena kazi ya wavuvi na wanamaji peke yao, bali ikawa pia pumbao la wenye nafasi, na Bonaire ni miongoni mwa visiwa vilivyowahi kulitambua jambo hilo. Mwaka 1979 maji yanayokizunguka yalifanywa hifadhi, na tangu 1992 mzamiaji hulipa ada ya kuitunza. Kwa mizani ya karatasi zile, Bonaire yastahili bila ya shaka. Lakini upande wake wa kusini, kando ya mabwawa ya chumvi, vingali vimesimama vibanda vya mawe ambavyo mtu mzima haingii ila kwa kuinama. Ndimo walimolala watumwa waliokuwa wakivuna chumvi. Vilijengwa mnamo 1850, miaka 13 kabla ya Uholanzi kuufuta utumwa katika makoloni yake ya huko, mwaka 1863. Wazamiaji wa leo huvaa mitungi yao hatua chache kutoka milangoni mwa vibanda hivyo. Na wenyeji husema Kipapiamentu, lugha iliyozaliwa na biashara ya bahari na kukutana kwa watu wasiochaguana. Mswahili akiyasikia haya hahitaji kufafanuliwa.

Kwa sisi tulio Dar es Salaam, nauli ya Bonaire ni ndoto, na wala hatuna haja ya kuiota. Kisiwa chetu cha kujibia swali lile kipo kusini, mbele ya midomo ya Rufiji. Hapa Kinyerezi tuko mbali na ufuko kiasi cha kwamba wapo watoto wanaoijua bahari kwa samaki wa kukaanga tu. Hata hivyo mitambo ya umeme iliyo jirani yetu huendeshwa kwa gesi asilia, na sehemu ya gesi ya nchi hii hutoka Songo Songo, kisiwa kilicho baina ya Mafia na Kilwa. Basi kama chini ya bahari ile kwatuwashia taa, si vibaya tukauliza kuna nini zaidi.

Aliyetangulia kuuliza, kwa tunavyojua, ni mfanyabiashara wa Kiyunani aliyekaa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, na ambaye katika karne ya kwanza baada ya Nabii Isa aliandika kitabu cha njia za bahari hii. Humo anakitaja kisiwa cha Menouthias: cha chini, chenye miti na mito, ndege wa aina nyingi, na kobe. Watu wake, asema, wana vyombo vilivyoshonwa na mitumbwi ya gogo moja, na huvua kwa vikapu wanavyovitega penye midomo ya mikondo ya maji. Wanazuoni hawajapatana: yupo asemaye ni Pemba, yupo asemaye ni Unguja, na yupo asemaye ni Mafia. Sitawaamulia. Naona tu kwamba mgeni yule alistaajabia kitu ambacho sisi twakijua kwa jina, kwani hadi leo mvuvi wa visiwa hivyo vyote vitatu hutega dema.

Mgeni huyo huyo aliitaja bandari ya Rhapta, mwendo wa siku mbili kutoka kisiwa hicho, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameitafuta kwa miaka mingi pande za Rufiji. Mwaka 2016 zilienea habari za mawe yaliyojipanga kama misingi ya mji, yakiwa majini karibu na Mafia, na wengi wakashangilia. Mimi nasubiri. Bahari nayo hujua kupanga mawe, na wataalamu hawajakubaliana.

Lakini mji uliomezwa na bahari hauhitaji kubuniwa huko Mafia. Kisimani, katika rasi ya magharibi ya kisiwa kikuu, ulikuwa mji wenye uhusiano na masultani wa Kilwa, na sehemu kubwa ya ardhi uliposimama imeliwa na mawimbi. Mwenzake alikuwa Kua, katika kisiwa cha Juani. Masimulizi ya wenyeji kuhusu miji hii miwili ndiyo yanayonifanya niseme kwamba karatasi za safari zimeacha jambo. Husimuliwa kwamba watu wa Kisimani walipokwisha kuunda jahazi waliwaalika wa Kua kwenye sherehe ya kulishua. Wageni walipofika, watoto wao wakakamatwa, wakafungwa, wakalazwa mchangani, na jahazi likasukumwa majini juu ya miili yao. Watu wa Kua hawakusema kitu. Miaka ikapita. Kisha wakawaalika wa Kisimani harusini, wakawaketisha katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, na wenyeji wakatoka mmoja mmoja kwa hila, hata akabaki mzee mmoja tu wa kuwazungumza wageni. Mlango ukazibwa kwa mawe na chokaa. Mzee naye akabaki ndani.

Huyo mzee ndiye asiyenitoka. Kisa chote ni cha ukatili wa kulipizana, na wala sidai kwamba kilitokea hivi kilivyosimuliwa. Lakini msimulizi aliyemwacha yule mzee ndani alijua kisasi hulipwa kwa nini.

Magofu ya Kua yapo: misikiti, makaburi, kasri ya ghorofa. Na hapa ndipo mzamiaji anapohusika zaidi kuliko anavyojua. Wajenzi wa pwani hii walilikata tumbawe laini kutoka chini ya maji likingali bichi, wakalichonga kabla halijakauka, wakalifanya miimo ya milango na mihrabu; na kwa kulichoma tumbawe walipata chokaa ya kuungia kuta. Kwa hiyo mwamba anaoutazama mgeni kwa miwani yake na ukuta anaoupita bila ya kuutazama ni kitu kimoja. Mji wa pwani ni mwamba wa bahari uliopandishwa nchi kavu.

Kua uliangamia katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, Wasakalava walipovuka kutoka Bukini kwa mitumbwi yao, wakaupora mji na kuwachukua watu utumwani. Walionusurika hawakuujenga tena. Shughuli zikahamia Chole, chini ya serikali ya Zanzibar, na huko nako watumwa wakawekwa katika mashamba ya minazi. Kisha mwaka 1890 kisiwa kikatiwa bei kwa kweli: Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni 4 kwa ukanda wa pwani ya bara, na Mafia ikiwemo ndani ya hesabu. Januari 1915 Waingereza wakaitwaa, na ndege zao zikaruka kutoka hapo kuzielekeza bunduki zilizoiangamiza manowari Königsberg ndani ya Rufiji, tarehe 11 Julai. Hayo yamekwisha andikwa sana.

Yasiyosemwa sana ni ya juzi. Katika miaka ya 1980 na 1990 baruti ilivunja miamba ya Mafia, na wavuvi wa hapo ndio walioona kwanza samaki wakitoweka. Sheria ya hifadhi za bahari ikapitishwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya aina hiyo nchini, yenye kilomita za mraba zipatazo 822, na ndani yake zimo Chole, Juani na Jibondo. Baruti ilipungua, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kanuni zilizomzuia mlipuaji zilimbana pia mwenye nyavu, na Jibondo, kisiwa cha waunda mashua kisicho na maji matamu ya kutosha, kilikataa kwa miaka mingi kuziridhia. Christine Walley, aliyeishi Chole, ameyaeleza mavutano ya hifadhi hiyo katika kitabu cha mwaka 2004. Tena mwaka 1998 bahari ilipopata joto matumbawe mengi yalipauka na kufa, bila ya kosa la mvuvi yeyote.

Je, basi, Mafia yastahili? Naam, na naisema bila ya kusita: kwa ghuba ya Chole, kwa papa potwe wanaokuja karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, na kwa miamba iliyorudisha uhai. Mgeni aepuke masika, na asibishane na mwenyeji kuhusu bamvua, kwani mkondo wa mlango wa Kinasi hausomi karatasi. Kisha aikumbuke kanuni moja ya wazamiaji wenyewe: aliyepiga mbizi siku kadhaa hapandi ndege mpaka zipite saa 18 au zaidi. Siku hiyo tupu, ambayo wengi huimalizia kitandani, mashua hupatikana Chole. Ingoje maji yajae, ndipo yaweza kuingia hadi Kua.