Mbio za kuruka viunzi na maji: Bayi alivyopata fedha Moscow

Tukitangaza mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, fahamu kuwa chimbuko lake ni farasi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1752 huko Ireland, wapanda farasi wawili walishindana kutoka kanisa la Buttevant hadi la Doneraile, wakiruka kuta na mitaro. Karne iliyofuata, wanafunzi wa Uingereza wakaigeuza kuwa mbio za miguu.

Mkimbiaji huruka viunzi mara 28 na shimo la maji mara 7. Kiunzi cha wanaume kina kimo cha sentimita 91.4, nacho hakianguki ukikigonga.

Matokeo ya fainali ya Olimpiki, Moscow, Julai 1980:

1. Bronisław Malinowski (Poland): 8:09.70
2. Filbert Bayi (Tanzania): 8:12.48
3. Eshetu Tura (Ethiopia): 8:13.57

Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliongoza kwa kasi na kuwaacha wenzake mbali, kama alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Lakini mita 1,500 ni nusu ya safari, tena haina viunzi. Kila kuruka kunakula nguvu. Mzunguko wa mwisho, Malinowski aliyejiwekea akiba akampita. Tofauti: sekunde 2.78.

Hadi Olimpiki ya Paris 2024, Tanzania ina medali mbili tu: hiyo, na fedha ya Suleiman Nyambui, mita 5,000, mwaka huohuo.

Vijana wetu mnaopanda vilima vya Rungwe kila siku, pumzi mnayo. Jifunzeni kuigawa.