Mukwa

Susu yangu wa Mutomo ana mstari kwenye paji la uso. Si kunjo la uzee. Ni kama mfereji mdogo unaokatiza kutoka kipanda kimoja cha uso hadi kingine, na ukiugusa unahisi mfupa umebonyea kidogo. Nilipokuwa mtoto nilidhani amezaliwa nao. Kumbe ni kazi ya mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao wanawake wa Kitui waliuvika kichwani ili mgongo ubebe kuni, nafaka, na maji yaliyochotwa kwenye mashimo ya mito ya mchanga.

Nilimpelekea kiondo changu akione. Mimi najivunia hicho kiondo, nakitembeza nacho tao kama kitambulisho. Susu alipapasa katani, akaitikia kwa kichwa, halafu akashika mkanda wa ngozi kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mjusi. "Hii imekufa," akasema. Wiki mbili baadaye ukakatika kweli.

Mwanzo wa kiondo haukuwa begi la bega. Kilikuwa na ugwe mrefu, nacho kilining'inia mgongoni kwa nguvu za paji la uso. Hii mikanda miwili mifupi tunayoijua ilikuja na soko la mjini na la watalii. Hadi leo viondo vingi husukwa na akina mama vijijini Ukambani, kisha hupelekwa mjini kutiwa ngozi. Anayesuka ni mmoja, anayefunga ngozi ni mwingine, na bei hupanda huku mwishoni, mbali na aliyekesha akisokota nyuzi pajani.

Basi nikaamua mkanda wangu utatoka nyumbani. Nilivuka mto Athi hadi upande wa Makueni, kwa mjomba wangu karibu na Kathonzweni, ambaye bado anajua kazi hii. Ngozi alikuwa nayo, ya ng'ombe aliyevunjika mguu. Alikuwa ameiwamba kwa vigingi chini ya mwembe, upande wa nyama juu, na kukwangua mafuta yote. Jua la moja kwa moja hakulitaka, kwa sababu hukausha juu haraka huku ndani kukioza. Kisha aliilaza kwenye maji ya majivu mpaka manyoya yakaanza kuachia, akayaparua kwa ubapa wa panga, akaisuuza tena na tena.

Mimi nilifikiri kamba ndefu hukatwa kwa kufuata urefu wa ngozi. Mjomba alicheka. Alikata duara kutoka sehemu ya mgongo, ambako ngozi ni nene na haivutiki ovyo kama ya tumbo, akaanza kukata pembeni akizunguka kuelekea katikati, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda. Kidole gumba kilikuwa ndiyo rula. Nilipiga hesabu usiku kwa simu: duara la sentimita 30 tu, ukikata ugwe wa nusu sentimita, linakupa karibu mita 14. Usiponiamini chukua karatasi ujaribu.

Ugwe ule bado una mizunguko, unajikunja kama chemchemi. Ukalowekwa, ukavutwa kati ya miti miwili, ukaachwa ukauke ukiwa umekaza. Halafu kingo zikapunguzwa kwa kisu, kwa sababu kingo kali hulana zikisukwa pamoja. Mwisho ni mafuta, na kuusugua kwenye nguzo ya boma mbele na nyuma mpaka mikono yangu ikatoka malengelenge. Wakati wa kusuka uwe na unyevu kidogo tu. Mimi nililowesha sana, nikasuka nyuzi nne vizuri kabisa, nikalala nikijisifu. Asubuhi ngozi ilikuwa imekauka na kunywea, suko lote limelegea.

Tukiwa tunafumua, nilimuuliza mjomba kwa nini hakuna tena anayefanya hivi. Nilitegemea aseme nailoni. Akasema, "Ngozi ni ng'ombe, mjomba. Na ng'ombe hawa wana kesi ndefu."

Kesi yenyewe ni ya 1938. Wakati huo Makueni ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos. Ilikuja kutengwa 1992. Serikali ya kikoloni ilisema udongo wa Ukambani unakwisha kwa sababu mifugo ni mingi mno. Mmomonyoko ulikuwepo, hilo siwezi kukataa. Ambacho maofisa hawakupenda kutaja ni kwamba malisho mazuri ya nyanda za Athi na vilima vya Mua yalikuwa yamegeuzwa mashamba ya walowezi. Na huko Athi River, kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama kilichohitaji ng'ombe wa bei rahisi. Ng'ombe za watu zikaswagwa kwa nguvu na kupigwa mnada.

Mwezi wa saba mwaka huo, wanaume, wanawake na watoto walishika njia hadi Nairobi kumwona Gavana Brooke-Popham. Walipiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Kiongozi wao, Samuel Muindi Mbingu wa Ukamba Members Association, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali ilirudi nyuma na kuacha kupunguza mifugo kwa lazima. Ilikuwa inawategemea sana Wakamba jeshini na polisi, na vita vilikuwa vinanukia Ulaya. Kiwanda cha Athi River kilikuja kuwa cha KMC mwaka 1950.

Kwenye vitabu hii ni habari ya siasa. Kwa susu wangu ilikuwa pia habari ya vyombo vya nyumbani. Boma lenye ng'ombe lilikuwa na kitanda cha ngozi, ugwe wa kufungia, na mukwa wa kila binti. Baadaye ukame ukamaliza mengi ambayo mnada haukufika, na leo kule Mutomo mtungi wa lita 20 hubebwa kwa kamba ya nailoni au ukanda wa gunia. Kichwa ni kilekile.

Suko la pili lilikubali. Juzi nilipita nalo karibu na City Market, kwenye Mtaa wa Muindi Mbingu, pale viondo vinaponing'inia mlangoni. Muuzaji mmoja alinishika mkono, akalivuta, akalinusa.

"Hii umetoa wapi?"

"Makueni."

"Unaweza kuniletea ishirini?"

Nilimwambia duara moja linatoa mita 14, na ng'ombe alikuwa mmoja.