Kuruka, Kurukia na Kumruka Mtu: Funzo la Polandi

Kitenzi "kuruka" kimebeba heshima na aibu kwa pamoja. Uwanjani, mwanariadha huruka viunzi, au hushika upondo akauruka ufito uliowekwa mara tatu ya kimo chake, nasi tukampigia makofi. Ofisini, karani huruka ngazi za mamlaka. Mwanafunzi huruka sura ngumu ya kitabu. Mwenye pupa huruka majivu akakanyaga moto. Na mwanasiasa, mambo yakiharibika, humruka mwenzake kimanga.

Ni nini basi kinachotofautisha mruko wa kusifiwa na mruko wa kulaaniwa? Nalitafuta jibu katika historia ya Polandi, ambako maana tatu za neno hili zilidhihirika katika muda usiozidi mwaka mmoja na nusu.

Ya kwanza ni ya uwanjani. Michezo ya Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980 ilisusiwa na Marekani na mataifa mengi, Kenya ikiwamo. Tanzania ilikwenda, na Filbert Bayi akatwaa medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, nyuma ya Mpolandi Bronisław Malinowski. Katika kuruka kwa upondo, Mpolandi mwingine, Władysław Kozakiewicz, alizomewa na watazamaji wenyeji. Aliuvuka ufito, kisha akawageukia na kuwaonyesha ishara ya dharau kwa mkono uliokunjwa. Akamaliza kwa mita 5.78, rekodi mpya ya dunia. Huko kwao ishara ile inaitwa kwa jina lake hata leo, maana wananchi waliokuwa chini ya kivuli cha Moscow waliona ndani yake kauli ambayo wao hawakuthubutu kuitamka.

Ya pili ilifuata baada ya wiki mbili. Tarehe 14 Agosti, wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Gdańsk waligoma, wakidai kwanza kurejeshwa kazini kwa Anna Walentynowicz, mwendesha kreni aliyeachishwa miezi michache kabla ya kustaafu. Lech Wałęsa, fundi umeme aliyefukuzwa hapo mwaka 1976, alisimulia kwamba alipanda ukuta akarukia ndani kuungana nao. Miaka ya baadaye wapinzani wake, Walentynowicz akiwa mmoja wao, waliibishia simulizi hiyo. Kisichobishiwa ni matokeo: madai 21 yaliandikwa, na tarehe 31 Agosti serikali ikatia saini makubaliano yaliyoruhusu vyama huru vya wafanyakazi. Hapo ndipo ulipozaliwa umoja wa Solidarność, yaani Mshikamano.

Ya tatu ndiyo chungu. Tarehe 13 Desemba 1981, Jenerali Wojciech Jaruzelski alitangaza utawala wa kijeshi. Maelfu waliwekwa kizuizini, na mwaka uliofuata Mshikamano ukapigwa marufuku. Serikali iliiruka saini yake yenyewe.

Kwa maoni yangu, tofauti haimo katika kuvunja utaratibu au kuufuata. Ukuta wa Gdańsk nao ulikuwa utaratibu, na kuna taratibu ambazo zimejengwa ili wanyonge wabaki nje. Tofauti imo katika mambo mawili: mruko unafanyika mbele ya nani, na aliyeruka anatua upande wa nani. Mruka upondo hukita mti wake mbele ya umati, na akiuangusha ufito kila mtu huona. Aliyerukia kiwandani alitua miongoni mwa wagomaji, akabeba hatari pamoja nao. Jenerali alitua upande wa vifaru, akawaacha nje wale aliokuwa na mapatano nao.

Mtumishi wa umma anayeombwa "kuruka hatua moja tu" ya zabuni kwa kisingizio cha dharura ajiulize maswali hayo mawili. Akiona kwamba jambo lenyewe haliwezi kuandikwa katika jalada, ajue kwamba siku ya ukaguzi aliyemtuma atamruka. Na mwanaharakati anayejiandaa kuruka ukuta wa dhuluma ahakikishe kwanza kwamba ndani kuna wenzake anaowaendea.

Tarehe 4 Juni 1989 Wapolandi walipiga kura, na wagombea wa Mshikamano wakashinda karibu viti vyote walivyoruhusiwa kuvigombea. Serikali ilikuwa imewaruka wananchi wake. Nao hawakuwa wamesahau.