Majarida ya Kitaaluma Ndani na Nje ya Ua wa Chuo: Historia Fupi kutoka Iringa na Mbeya

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo amletee vitabu alivyoviacha Troa kwa Karpo (2 Tim. 4:13). Mtumishi aliye mbali na vitabu vyake si jambo geni katika Kanisa. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi majarida ya kitaaluma yalivyoingia vyuoni mwetu kwa njia ya kompyuta, na kwa nini mpaka sasa hayajamfikia mchungaji wa usharikani.

Kwanza yatupasa kukumbuka enzi ya karatasi. Tangu mwaka 1968 Makumira ilichapisha jarida la Africa Theological Journal, na majarida ya namna hiyo yalisafiri kwa posta. Yalichelewa, na nakala zilikuwa chache. Hata hivyo nakala ikishamfikia mchungaji wa Ilula au Tukuyu ilikuwa mali yake. Aliisoma kwa taa ya mafuta na kumwazima jirani, wala hakuna aliyemwuliza kama bado ni mwanafunzi.

Hatua ya pili ilikuwa ya diski. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilianza kusambaza maktaba ya majarida ya kilimo iitwayo TEEAL, ikiwa katika sidii. Baadaye iliweza kuwekwa katika kompyuta moja kuu na kusomwa katika mtandao wa ndani wa chuo pasipo intaneti. Kisha mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilizindua HINARI kwa majarida yapatayo 1,500 ya wachapishaji sita, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopewa bila malipo. Mwaka huohuo shirika la INASP la Uingereza lilianza mpango wa PERI, na mwaka 2003 ikafuata AGORA ya kilimo. Theolojia haikuandaliwa meza yake katika mipango hiyo ya afya na kilimo. Ilipata nafuu mwaka 2008, maktaba ya Globethics ilipofunguliwa kwa yeyote anayejiandikisha.

Nyakati hizo vyuo vya Nyanda za Juu Kusini vilikuwa vikikua. Chuo cha Kilutheri cha Iringa, kilichofunguliwa mwaka 1994, kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini kabla ya kuwa Chuo Kikuu cha Iringa mwaka 2013. Mkwawa ilipokea wanafunzi wa chuo kikuu kuanzia mwaka 2005. Huko Mbeya ndugu zetu Wamoravian walianzisha chuo kikuu chenye jina la Askofu Teofilo Kisanji. Lakini mawasiliano yalitegemea madishi ya setilaiti, yenye gharama kubwa na kasi ndogo. Sisi tuliosoma mwanzoni mwa karne hii twakumbuka kuketi saa nzima tukingoja makala ya kurasa 20 ishuke, na umeme kukatika zikiwa zimesalia kurasa chache. Nafuu ilikuja baada ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, na mkongo wa taifa kupita Iringa na Mbeya.

Basi, mlango ulifunguliwa. Lakini ulifunguliwa kwa namna gani? Mchapishaji hutoa ruhusa kwa taasisi. Huitambua kwa anwani ya mtandao wa chuo, au kwa neno la siri analolitunza mkutubi. Mwanafunzi akihitimu na kupangiwa usharika, ruhusa hubaki getini. Miaka michache iliyopita mhitimu wetu mmoja aliyeko milimani Rungwe alituomba makala kuhusu matanga na imani ya ufufuo, kwa kuwa wazee wake wa usharika walikuwa wamegawanyika. Tuliichapa Iringa tukampelekea kwa basi hadi Mbeya. Mkongo umepita miji yote miwili, nasi tumerudi kwenye bahasha.

Tena, zawadi huweza kuondolewa. Januari 2011 baadhi ya wachapishaji wakubwa waliyaondoa majarida yao katika HINARI kwa wasomaji wa Bangladesh. Yalirudishwa baada ya malalamiko ya wataalamu. Hatusemi hayo kwa kukosa shukrani. Twasema kwamba Kanisa lisijenge elimu ya watumishi wake juu ya ukarimu wa wengine peke yake.

Historia hiyohiyo yatuonyesha njia nyingine. Mwaka 1998 ilianzishwa African Journals OnLine kwa ajili ya majarida ya Afrika, na mwaka 2002 Azimio la Budapest lilitaka matunda ya utafiti yasomwe na watu wote bila malipo. Vyuo vyetu vyaweza kuyatoa wazi majarida na tasnifu zake. Dayosisi nazo zaweza kudai kwamba mkataba wowote wa chuo uwataje wahitimu walioko kazini, na kuweka katika ofisi za majimbo kompyuta yenye maandiko yaliyo huru, kama zile diski za kwanza zilivyofanya.

Karpo alivitunza vitabu, lakini aliyevihitaji alikuwa kifungoni. Maktaba zetu zimejifunza kutunza. Sasa zijifunze kupeleka.