Mkono Ufukweni, Boti Majini

Kisii na Nyamira, yaani Gusii, ni nchi ya maji yanayokimbia. Mvua hunyesha zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na Mto Gucha, unaoanzia vilima vya Kiabonyoru, huteremka kwa haraka kuelekea Ziwa Victoria. Ziwa lenyewe huonekana kwa mbali ukiwa juu ya kilima cha Manga siku isiyo na ukungu. Kwa mtoto wa Gusii, hata hivyo, ziwa lilikuwa mtaro wa barabarani baada ya mvua ya alasiri. Ganda la mgomba lilikatwa kiasi cha shubiri mbili, ncha zikabanwa kwa njiti, jani likawa tanga. Kisha ni kukimbia kandokando ya mtaro hadi kwenye kalvati kuona ya nani itatangulia. Hakuna aliyeweza kuiongoza boti yake. Ilikwenda ilikopelekwa na maji.

Nchi kavu mambo yalikuwa tofauti. Gari la waya lilikuwa na usukani wa kweli: magurudumu ya soli za kandambili zilizochakaa, na waya mrefu uliopanda kutoka ekseli ya mbele hadi kifuani mwa dereva, ukaishia kwa duara. Dereva alikimbia nyuma akikata kona, mkono wake juu, magurudumu chini. Nasema bila kusita kwamba hamu ile ya kukiongoza chombo bila kukaa ndani yake ndiyo iliyowatuma wanaume wa London na New York kwenye mabwawa yao na boti ndogo.

Boti ndogo zenyewe ni za kale mno. Wamisri waliziweka makaburini takriban miaka 4,000 iliyopita, zikiwa na wapiga makasia wake. Kwetu Afrika Mashariki mfano wa chombo umefanya kazi nzito kuliko mchezo. Mtepe, jahazi la Waswahili lililoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ulitoweka katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Mafundi walipojenga mtepe mpya ndani ya jumba la Beit el Ajaib, Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mifano midogo na picha za zamani zilikuwa miongoni mwa miongozo yao. Na upande wetu wa ziwa, meli iliyoitwa William Mackinnon iliundwa Paisley, Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa na kuunganishwa upya Kisumu, ambako ilishushwa majini mwaka 1900. Mtu aliyewahi kufungua boksi la boti ya kuunganisha mwenyewe anaielewa kazi ile.

London ilikuwa na chama cha boti ndogo za mvuke katika bustani ya Victoria Park tangu 1904. Boti za mbio za wakati huo hazikuwa na mwongozaji. Zilifungwa kwa waya kwenye mlingoti uliosimamishwa majini, zikazunguka kwa kasi huku mwenyewe akizitazama tu. Na hali jibu lilikuwa limekwisha kupatikana! Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Nikola Tesla aliionyesha hadhira boti ya chuma iliyogeuka na kuwasha taa kwa amri ya redio, bila waya wowote. Wapo waliodhani ni mazingaombwe. Alipewa hataza tarehe 8 Novemba mwaka huohuo. Ilichukua nusu karne teknolojia hiyo kushuka hadi mikononi mwa mtu wa kawaida, na mwaka 1951 boti ndogo iliyoitwa Miss E.D. ikavuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa ikiongozwa kwa redio.

Hapa ndipo penye utamu wa boti za zamani. Rimoti nyingi za miaka ile zilikuwa na kitufe kimoja tu. Ukikibonyeza, usukani unakwenda kulia. Ukikiachia, unarudi katikati. Ukibonyeza tena, unakwenda kushoto. Nguvu ya kuusogeza usukani haikutoka kwenye betri, ilitoka kwenye mpira uliosokotwa ndani ya boti, na mpira ukishafumuka wote, boti imebaki bila nahodha. Mwendeshaji alilazimika kukumbuka alichobonyeza mwisho. Akisahau, boti inageukia ukingoni badala ya kuzunguka boya, na kazi ya miezi inapasuka mbele ya macho yake.

Miaka ya 1960 ilileta redio ambazo kwazo usukani ulifuata mkono, kidogo kwa kidogo na kingi kwa kingi. Masafa ya megahezi 27 yaligawanywa kwa rangi sita: kahawia, nyekundu, chungwa, manjano, kijani na buluu. Kila mshindani alifunga utepe wa rangi yake kwenye eriali, kwa sababu wawili wakiwasha redio za rangi moja, boti ya huyu inamtii yule. Ilibidi watu waulizane kabla ya kuwasha. Injini zilinywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika, mmea uleule unaojiotea kando ya mashamba yetu, na moshi wake mtamu ndio jambo la kwanza ambalo wazee wa mchezo huu hulitaja.

Gusii ilikuwa na shule yake ya jambo hilohilo. Redio ya kaseti ilipokufa, haikutupwa. Ndani yake mlikuwa na mota ndogo ya umeme, na kijana aliyeipata alikuwa tajiri. Mawe ya redio, yaani betri, yaliyoisha nguvu yalianikwa juani mpaka yakapata uhai kidogo, rafadha ikakatwa kwenye kibati, na mwili wa boti ukachongwa kwenye soli nene ya kandambili. Kwenye karai la maji ilikwenda kweli. Asiyejua aliunganisha nyaya kinyume na boti ikarudi nyuma, na kwa kosa hilo akajifunza habari ya chanya na hasi kabla mwalimu wa fizikia hajaifikia. Fundi wa redio wa Keroka au Ogembo alizungukwa na watoto wa aina hii, wakingoja kitu kitakachotupwa.

Leo masafa ya gigahezi 2.4 yamezifuta zile rangi, kwani redio hujitafutia nafasi yenyewe. Boti ya plastiki hununuliwa tayari, na ikiharibika haifunguki. Huko Uingereza na Ujerumani, waliokuwa vijana wakati ule wanazitafuta boti za ujana wao kwenye minada, wanakwangua rangi iliyobanduka, wanabadilisha mbao zilizooza na kuzirudisha majini. Naielewa hamu yao kabisa. Wanatamani kurudishiwa chombo ambacho walijua kila skrubu yake.

Kwetu maji yapo. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi, ulioanza mwaka 2009, ulifadhili mabwawa ya samaki ya mita za mraba 300 katika maeneobunge mengi, nasi Kisii na Nyamira tukapata yetu. Sekondari msingi sasa zina somo la utangulizi wa ufundi, na mota za mashine zilizokufa hazijaisha katika soko la Daraja Mbili, Kisii. Ningemshauri mwalimu aanze na mlingoti mmoja katikati ya bwawa na uzi wa nailoni, kama walivyofanya wale wa zamani, kabla shule haijanunua redio hata moja.