Ushuru wa Kampuni na Mwenye Pwani

Tarehe 16 Agosti mwaka 1888 Kampuni ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki ilishika kazi ya kutoza ushuru katika bandari za pwani iliyo kati ya mto Umba na mto Ruvuma. Haikupita miezi miwili, mawakala wake wawili wakawa wameuawa Kilwa Kivinje, na wenzao wa Lindi na Mikindani wakawa wamekimbia. Mambo hayo yamezoeleka kuhesabiwa kuwa ni sehemu ya vita vya Abushiri, na kweli ndivyo yalivyo. Lakini ndani ya vita hivyo mlikuwa na daawa ambayo haikusikilizwa na kadhi yeyote, nayo ni hii: mtu anayedai malipo kwa ajili ya mahali fulani, ana haki gani juu ya mahali hapo? Kampuni ile ilikuwa mali ya watu binafsi huko Ujerumani. Pwani ya Mgao haikuwa yao. Je, ilikuwa ya nani?

Swali hilo halikuwa jepesi hata kwa wenyeji wenyewe. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alipotaka kununua watumwa 1,000 kila mwaka, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa Kisiwani, bila ya kutafuta idhini ya mtu mwingine. Miaka michache baadaye Waarabu wa Oman waliurudisha mji ule mikononi mwao, na katika mwaka 1843 sultani wa mwisho wa Kilwa alichukuliwa akapelekwa Maskati. Biashara nayo ilikuwa imekwisha kuhamia Kivinje, barani, ambako misafara kutoka Ziwa Nyasa ilishukia. Tangu hapo Sayyid wa Unguja alikuwa na liwali wake, askari wake na forodha yake katika miji ya pwani. Lakini mtu akitoka mjini akaenda mwendo wa siku moja au mbili, alikuta Wamwera, Wamakonde na Wayao wakiwasikiliza wakubwa wao, na jina la Sayyid likiwa ni jina la mfanya biashara mkubwa wa mbali.

Mwaka 1886 tume ya Waingereza, Wajeremani na Wafaransa ilipita pwani ikitafuta mpaka wa mamlaka ya Sultani. Sultani mwenyewe hakuwa na mjumbe katika tume hiyo. Mwishowe Uingereza na Ujerumani zilipatana kwamba nchi yake ni ukanda wa maili 10 za bahari kutoka ufukoni. Hivyo milki iliyokuwa na nguvu mjini na udhaifu shambani ilipimwa kwa kamba moja, kana kwamba kila mahali ilikuwa sawasawa. Juu ya kipimo hicho ulijengwa mkataba wa tarehe 28 Aprili 1888, ambao kwa huo Sayyid Khalifa aliipa Kampuni utawala wa pwani pamoja na forodha zake kwa miaka 50, kwa jina lake na chini ya bendera yake.

Msomaji aweza kusema kwamba watu wa Kilwa na Lindi walikataa tu kulipa ushuru. Historia haikubali maneno hayo. Ushuru walikuwa wameuzoea miaka mingi. Wala kutozwa na mtu binafsi halikuwa jambo geni: tangu zamani za Sayyid Said forodha zilikodishwa kwa ijara, na nyumba ya Banyani Jairam Sewji iliishika kazi hiyo kwa muda mrefu, na baadaye Taria Topan. Mkodishwa alimlipa Sultani fedha iliyopatanwa kila mwaka, na kilichozidi kilikuwa chake. Basi kama Banyani aliweza kutoza kwa faida yake mwenyewe, na watu wakalipa bila ya kushika bunduki, kwa nini Mdachi asiweze?

Tofauti ilikuwa katika kile alichodai kila mmoja. Mkodishwa wa forodha alidai sehemu ya bidhaa iliyopita bandarini, basi. Hakudai mchanga wa ufuko wala kiwanja cha nyumba ya mtu, na katika miji mingi majumbe nao walibaki na ada zao kutoka kwa misafara. Kampuni ilikuja na mambo matatu mapya. La kwanza, ilitweka bendera yake, ingawa mkataba ulisema itawale chini ya bendera ya Sultani. Huko Pangani wakala wake aliukata hata mlingoti wa bendera ya Sultani. La pili, iliwaondolea wakubwa wa miji sehemu yao. La tatu, nalo ndilo lililoingia ndani kabisa ya maisha ya watu, ilitangaza kwamba wenye nyumba na mashamba waandikishe milki zao na kuzithibitisha.

Amri hiyo ya tatu yafaa kuangaliwa kwa desturi ya pwani. Huko mnazi au mwembe una mwenyewe, na ardhi iliyo chini yake yaweza kuwa na mwenyewe mwingine. Shamba hujulikana kwa aliyelifyeka na kwa majirani wanaopakana naye, na ushahidi wake umo vinywani mwa wazee. Wako waliokuwa na hati za kadhi, lakini wengi hawakuwa nazo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwauliza. Tena sheria iliyotumiwa na makadhi hao ilikuwa wazi: ushahidi humlazimu mdai, na anayekana humtosha kiapo. Kampuni ndiyo iliyokuwa mgeni na mdai. Lakini ilimtaka mwenyeji aliyekaa kwake ndiye alete ushahidi. Hapo ndipo ushuru wa forodha ulipogeuka kuwa shaka juu ya mji mzima.

Haki ya swali lao haiwafanyi watu wale kuwa malaika. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya watumwa, na wakubwa wengi wa mji walipata hasara kwa mkataba wa mwaka 1873 uliofunga masoko ya watumwa, na kwa amri ya mwaka 1876 iliyokataza misafara yao. Wako waliomchukia Mdachi kwa ajili hiyo. Lakini mtu mwenye dhambi ya biashara hakosi haki ya kumwambia mtoza ushuru, "Nionyeshe hati yako, na ya huyo aliyekupa."

Swali hilo lilijibiwa kwa mizinga. Kampuni iliposhindwa, serikali ya Ujerumani ilimtuma Wissmann kwa fedha ya umma. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, na mwezi wa Mei 1890 Kilwa, Lindi na Mikindani zikatwaliwa moja baada ya moja. Sultani alilipwa marki milioni 4 kwa kuiacha pwani. Kampuni nayo haikutoka mikono mitupu. Kwa mapatano ya Novemba 1890 iliacha utawala, ikaahidiwa marki 600,000 kila mwaka kutoka mapato ya forodha, na ikabakiziwa haki ya kutwaa ardhi ya pwani isiyo na mwenyewe. Iliyofukuzwa Kilwa iliendelea kula ushuru wa Kilwa. Na maneno hayo "isiyo na mwenyewe" yakawa na thamani kuliko forodha.

Nyuma ya Lindi, Machemba, mkubwa wa Wayao, alimjibu Wissmann kwa barua ya Kiswahili kwamba urafiki anaukubali, lakini utii haoni sababu yake, kwani kila mmoja ni sultani katika nchi yake. Huko Kilwa, Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa tarehe 15 Novemba 1895. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 26 Novemba, ilitolewa amri iliyoifanya ardhi yote isiyo na mwenyewe kuwa ya Taji, isipokuwa ile ambayo mtu, mkubwa au jamaa ya wenyeji ataweza kuthibitisha kuwa ni yake. Lile lililokuwa tangazo la kampuni likawa sheria ya dola. Mwaka 1897 ikaja amri ya kodi ya nyumba, hata mtu akalipia paa lake mwenyewe. Na Machemba, aliyeikataa, alifukuzwa mwaka 1899 akavuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno.

Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1923, waliitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana, na ilipofika mwaka 1928 tu ndipo walipoitaja waziwazi haki ya wenyeji wanaokaa kwa desturi zao. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 za Tanzania huru zimeiweka ardhi yote chini ya Rais kama mdhamini, zikaipa milki ya kimila heshima sawa na milki ya hati. Hayo ni marekebisho makubwa. Lakini palipo mgogoro wa kiwanja au ufuko, bado mwanakijiji huwa wa kwanza kuulizwa karatasi, na mgeni mwenye karatasi huwa wa mwisho kuulizwa aliipata kwa nani. Watu wa Kivinje walishindwa vita mwaka 1890. Swali lao halijashindwa, kwa sababu halijapata kusikilizwa.